Paa la Nyumba na Mvua ya Mawe

Somo la kusoma nyumbani na kuzungumza katika vikundi
Someni kwanza: Kutoka 9:18–32, Mhubiri 10:18



Sisi tukaao Nyegezi twaijua mvua itokayo ziwani. Mbingu hugeuka nyeusi upande wa maji, upepo wa baridi huja ghafula, na kabla hatujaanua nguo, mabati yameanza kulia. Mara nyingi ni maji tu. Lakini iko siku huwa ni mawe, na yakiisha kila mtu hutoka nje kutazama juu ya nyumba yake.

Jambo hili si dogo. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua kubwa ya mawe na upepo ilipiga kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, katika mkoa jirani wa Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walikufa, na mamia ya nyumba yaliharibika. Wengi waliangukiwa na kuta za udongo zilizolowa maji. Basi tusidhani paa ni habari ya kuzuia matone tu. Paa likiondoka, ukuta hulowa. Na ukuta ukianguka, watu hupotea.

Katika somo hili tutajifunza mambo mawili: kulitunza paa kabla ya mawe, na kuandika hasara kwa ukweli baada yake. Mambo haya mawili ni jambo moja, kama tutakavyoona.

1. MAWE HAYA HUTOKA WAPI?

Jua likichoma nchi kavu, hewa hupanda kwa nguvu, nalo ziwa huongeza unyevu. Ndani ya wingu kubwa la radi hewa hiyo huchukua matone ya maji hadi juu sana, penye baridi ya kugandisha. Tone likiganda hushikwa na maji mengine, likanenepa tabaka juu ya tabaka, mpaka hewa ishindwe kulibeba, ndipo huanguka. Kwa hiyo hata sisi tulio karibu na ikweta twapata barafu. Ng'ambo ya ziwa, katika milima ya Kericho nchini Kenya, wakulima wa chai wanayajua sana mawe haya.

Tukumbuke pia kwamba jiwe lenye upana mara mbili lina uzito mara nane, tena huanguka kwa kasi zaidi. Mawe ya ukubwa wa punje ya mahindi hupiga kelele tu. Ya ukubwa wa kifuniko cha soda huweza kubonyeza bati jembamba.

2. MAANDIKO YANATUFUNDISHA KUANDIKA

Katika Kutoka sura ya 9, baada ya kusimulia ukubwa wa pigo la Misri, mwandishi anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Anataja mimea iliyopigwa, yaani kitani na shayiri, na anaeleza ilikuwa imefikia wapi katika kukua. Kisha anataja ngano kuwa haikupigwa, na kutoa sababu yake. Yaani anaandika kilichoharibika, kilichosalimika, na hali ya kila kimoja kabla ya mawe. Huo ndio mfano wetu.

3. KABLA YA MAWE: KULITUNZA PAA

Mhubiri anasema wazi kwamba paa hulegea kwa uvivu wa mwenyewe. Wakati mwema wa kazi hii ni kiangazi, Juni hadi Agosti, kabla ya mvua za vuli.

(a) Tazama misumari. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambamo maji hupita. Uliolegea usigongwe tena katika tundu lile lile; ng'oa, piga mpya ulio mrefu zaidi, na uweke mpira chini ya kofia yake.

(b) Ondoa majani na udongo. Majani yakilala juu ya bati hushika unyevu, na zinki huliwa. Chokaa na saruji mbichi nazo hula zinki. Fundi akimwaga, oshwe mara moja.

(c) Ingia chini ya dari mchana. Nuru ikionekana, pana tundu. Tazama kenchi na papi kama zimeliwa na mchwa, na kama kenchi zimefungwa kwa waya au nondo hadi ndani ya ukuta.

(d) Usiweke mawe wala matairi juu ya bati ili kulizuia. Upepo mkali huyaangusha juu ya watu.

(e) Unaponunua bati, uliza geji. Namba ikizidi, unene hupungua: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Bati la bei nafuu laweza kuwa ghali baada ya mvua moja.

(f) Piga picha. Simama pembe nne za nyumba, upige picha za paa, gata, madirisha na simtanki. Fanya hivyo kila mwaka, umtumie ndugu aishiye mahali pengine. Asiye na simu ya picha na amwombe kijana wa jirani. Weka pamoja na risiti za mabati.

4. BAADA YA MAWE: KUANDIKA HASARA

Kwanza watu, ndipo mali. Ukuta ukiwa umelowa na kupasuka, toeni watoto na wazee. Msiguse waya wa umeme ulioanguka. Mtu asipande juu ya bati lililolowa. Na hata likikauka, akanyage juu ya mstari wa misumari tu, palipo na papi chini yake. Kama paa ni la asbesto, msilivunje wala kulifagia likiwa kavu, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Kisha fanyeni haya siku ile ile:

– Piga picha ya mawe kabla hayajayeyuka, ukiweka kando yake kifuniko cha soda au kiberiti, ili ukubwa uonekane.
– Andika tarehe, saa ya kuanza na kuisha, na upepo ulitoka upande gani.
– Hesabu mabati yaliyotoboka, yaliyobonyea, na yaliyo mazima. Andika kila chumba peke yake.
– Waombe majirani wawili watazame na watie sahihi.
– Ziba kwa turubai, lakini vipande vilivyovunjika usivitupe mpaka vikaguliwe. Tunza risiti za turubai na fundi.

Mpangaji naye aandike vyake, na mwenye nyumba vyake.

5. TUNDU LA MAWE NA TUNDU LA KUTU

Hapa ndipo penye jaribu. Bati lililooza miaka mitano laweza kuingizwa katika hasara ya jana. Lakini bati lenyewe husema kweli. Mawe huacha mabonyeo ya mviringo yaliyotawanyika bila mpango, mengi zaidi upande ulioelekea upepo. Na vitu vingine hushuhudia: gata, sufuria iliyokuwa nje, majani ya migomba. Kutu huanza penye misumari, penye maungio ya mabati, na chini ya majani yaliyolala.

Anayeongeza hasara humwibia jirani yake, kwa kuwa turubai za msaada huwa chache kuliko nyumba. Mjane asiyejua kuandika ndiye hukosa. Na yule aliyepiga picha za paa lake kiangazi hana haja ya kuapa. Picha zake zitamsemea. Ndiyo maana tulisema kutunza na kuandika ni jambo moja.

6. KUPELEKA WAPI?

Peleka nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, ubaki na yako. Kwa njia hiyo taarifa hufika kwenye kamati ya maafa ya wilaya. Mwenye bima asome hati yake leo, aone kama imetaja tufani na mvua ya mawe au moto tu, na siku ngapi amepewa za kutoa taarifa. Sikilizeni pia maonyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa katika redio.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika Kutoka 9:20–21, ni watu gani waliokoa watumishi na wanyama wao? Walifanya nini?
2. Ni nyumba zipi karibu nasi zenye wazee au wajane wasioweza kukagua paa? Nani atakwenda, na siku gani?
3. Jirani akikuomba utie sahihi hasara usiyoiona, utamjibuje bila kumwaibisha?