Mustang ya Kuanzia: Kutu Kwanza, Injini Baadaye

*Nataka kufufua Ford Mustang ya 1965. Nimepata moja ya bei nafuu, silinda sita, ila sakafu ina kutu. Niinunue?*
*Msomaji, Dallas, Marekani*

Wasiwasi wa msomaji una msingi. Mustang hiyo haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba gari. Kutu ikila reli za chini, gharama ya kuchomelea yaweza kupita bei ya gari.

Silinda sita si kikwazo. Hata hivyo, gurudumu lake lina nati nne. La V8 lina tano. Anayepachika V8 abadili pia breki, springi na difu.

Kabla ya kulipa, msomaji ainue zulia na kupitisha sumaku kwenye bodi: isiponata, kuna puti. Sakafu hubadilishwa, vipuri vipo. Reli zikiwa zimeoza, amwite fundi wa bodi aikague kwanza, au atafute nyingine.