Ndege wa Angani na Ndege wa Shambani

JUMATANO

Soma Kutoka 16:29, 31:1–17, 34:21, Mambo ya Walawi 23:3, Luka 12:24.

Si kila mshiriki hufika kanisani kila Sabato. Mama anayeuguza, mzee ambaye magoti yamekataa, familia iliyo ng'ambo ya korongo lililojaa maji mwezi Januari: hawa hubaki nyumbani, na wengi huona Sabato yao imekuwa nusu. Mambo ya Walawi 23:3 haisemi hivyo. Fungu lile lile linaloagiza kusanyiko takatifu linasema pia kwamba Sabato ni ya Bwana popote watu wake wanapokaa. (Asiyeumwa wala kuzuiwa asilifanye fungu hili blanketi la kujifunika Sabato asubuhi.)

Siku hiyo ya nyumbani ijazwe na nini? Kusoma Neno hakuna ubishi. Sindano na uzi ndivyo huleta mjadala. Dada zetu wengi hudarizi vitambaa vya meza na vya makochi, na swali hurudi darasani: kama siuzi, na moyo wangu hutulia ninaposhona, kosa liko wapi?

Angalia mpangilio wa Kutoka 31. Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho kwa ajili ya kazi ya mikono. Anampa msaidizi, Oholiabu, ambaye Kutoka 38:23 humtaja kuwa mwenye kutia taraza, yaani fundi wa kudarizi. Mara baada ya orodha ya kazi zao, kuanzia fungu la 12, inakuja Sabato. Na Musa anapowakusanya watu ili ujenzi uanze, katika sura ya 35, anaanza tena na Sabato. Ikiwa uzi wa mapazia ya hema takatifu ulisubiri, kitambaa cha kochi kinaweza kusubiri jua lizame. Hili si dharau kwa sindano. Sura hiyo hiyo inasema ustadi ule ulitoka kwa Roho.

Kuhusu ndege, Yesu mwenyewe aliagiza tuwatazame. Katika Luka 12:24 neno la Kiyunani lililotumika ni la kuangalia kwa makini hadi uelewe. Mgonjwa aliyeketi mlangoni hapa Dodoma aweza kulitii bila darubini: kunguru mwenye kifua cheupe juu ya paa, hondohondo kwenye mbuyu.

Lakini kwa mkulima wa Bahi, Chamwino au Kongwa, kutazama ndege kuna maana nyingine. Mtama na uwele vinapokomaa, watu hukaa shambani tangu alfajiri wakiamia kwelea kwelea. Ndege huyu mdogo hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege 1,000,000 humaliza tani 10. Kwelea kwelea hawajui Sabato. Familia inayoondoka shambani siku moja yaweza kukuta masuke matupu, na hicho kilikuwa chakula cha mwaka. Mwalimu asilipite jambo hili haraka kwa sababu yeye hulipwa mshahara.

Kutoka 34:21 inataja waziwazi majira ya kulima na ya kuvuna, pale ambapo kupumzika kuna gharama. Wengine hutaja ng'ombe aliyetumbukia kisimani (Luka 14:5). Kwa maoni yangu mfano huo hauenei hapa: ng'ombe yule hakutarajiwa, bali kwelea kwelea twawajua tangu siku ya kupanda. Kwa hiyo maandalio ya Sabato ya mwezi wa Mei huanza Desemba, wakati wa kuchagua mbegu. Mtama mwekundu wenye uchungu hushambuliwa kidogo kuliko mweupe, ingawa ugali wake wengi hawaupendi. Kumlipa kijana wa jirani akaamie badala yako ni njia rahisi zaidi, lakini Kutoka 20:10 inamtaja pia mtumishi na mgeni aliye malangoni mwako.

Jadilini: Jirani asiye Mwadventista anasema, "Ndugu, nitakuamia Jumamosi, nawe uniamie Jumapili niende kanisani." Je, huko ni kumpa jirani mzigo wa Sabato yako, au ni ujirani mwema? Mngemjibuje, na kwa fungu gani? Na kama mavuno ya mshiriki yameliwa kwa sababu alikuja kuabudu, ghala la nani lifunguliwe?