Fedha za likizo ya uzazi: kodi na zaka



Kwetu ni Quiterajo, kijiji cha wavuvi wilayani Macomia, pwani ya Cabo Delgado. Tangu vita vitufikie, jamaa zetu wengi wanaishi Pemba, mji mkuu wa jimbo (si kile kisiwa cha Zanzibar). Huko ndiko alikojifungulia dada yangu, karani wa duka. Akiwa bado ndani ya arubaini alinipigia simu.

"Mdogo wangu, wewe unasoma dini. Mama mkwe anasema fedha hizi za likizo ni za bure kwa kuwa sikuzifanyia kazi, nisipozitolea zaka papo hapo mtoto atanyonya haramu. Mwenzangu wa kazini naye anasema nikishakatwa kodi sidaiwi zaka. Nishike lipi?"

Nilimwomba muda nirudi vitabuni. Naandika nilichokipata, maana wengi wetu tutaajiriwa na kuzaa.

Kwanza: kodi

Sheria ya kazi ya Msumbiji, Na. 13 ya mwaka 2023, imempa mama likizo ya siku 90 badala ya 60, na baba siku 7 badala ya 1. Kwa hiyo si hisani ya mwajiri, ni haki.

Je, hukatwa kodi? Swali la kuuliza ni: nani amelipa, na kwa msingi gani? Mshahara ukiendelea kutoka kwa mwajiri, kwa kawaida huhesabiwa pato la ajira kama mwezi mwingine. Sheria ya kodi ya Kenya imetaja waziwazi malipo ya likizo ndani ya pato la ajira. Uingereza inatuonyesha tofauti: malipo ya uzazi yanayopitia kwa mwajiri hutozwa kodi, ila posho ya uzazi ambayo serikali humpa mama asiyestahiki malipo hayo haitozwi. Msumbiji, taasisi ya hifadhi ya jamii (INSS) hulipa posho ya uzazi kwa waliochangia. Basi nilimwambia dada: tazama kwanza karatasi ya malipo, fedha zimetoka kwa nani, kisha ipeleke ofisi ya kodi. Usifuate maneno ya mtaani.

Pili: zaka

Huku jina la fedha halibadilishi hukumu. Wanazuoni huiita mali mustafad, yaani mali mpya iliyoingia. Kwa Mashafi'i, ambao ndio wengi pwani yetu, zaka ya fedha huwajibika ikifika nisabu, mfano thamani ya gramu 85 za dhahabu, na kupitiwa na mwaka. Wameshika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah. Mahanafi husema mwenye nisabu tangu awali huunganisha mali mpya na ile ya zamani. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, katika Fiqh az-Zakat, ameona pato litolewe zaka linapopatikana, lakini baada ya kuondoa madeni na mahitaji ya lazima.

Dada yangu hana akiba, na fedha zake zimeishia kwenye kodi ya nyumba, chakula na nguo za mtoto. Kwa rai zote hizo, hana zaka juu yake.

Wala kodi haisimami mahali pa zaka. Kodi huenda hazina ya serikali. Zaka ina watu wake wanane katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Kilichokatwa kodi hakimo tena katika mali yako, hesabu kilichobaki.

Fedha za bure?

Surat al-Baqara, aya ya 233, imemwajibisha baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha. Kunyonyesha kumepewa haki yake na Allah kabla ya sheria yoyote ya kazi. Na mume asijifiche nyuma ya posho ya mkewe: nafaka ya nyumba bado iko juu yake.

Nilipomweleza, dada alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Alhamdulillah. Mama mkwe nitamweleza taratibu."

Nawe ukianza kazi, andika tarehe akiba yako itakapofika nisabu. Hauli yako inaanzia hapo.

Wallahu a'lam.