Kijiko si dawa ya kifafa

Mwaka wa kwanza niliangalia ER mpaka bando likawa linaisha kabla ya Jumatano. Kwa msioijua, ni tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia 1994 hadi 2009, kuhusu idara ya dharura ya hospitali ya kubuni huko Chicago. Aliyeibuni, Michael Crichton, alisomea udaktari. Mimi nasoma uchumi, lakini nilishajiona nusu daktari.

Basi usiku mmoja rumeti wangu akaanguka katikati ya vitanda, akakakamaa, kisha akaanza kutikisika mwili mzima. Kifafa. Mimi nikamkandamiza mabega, mwenzangu akamlazimishia kijiko mdomoni, eti asimeze ulimi. Alipozinduka jino la mbele lilikuwa limevunjika. Kifafa hakikulivunja. Tulilivunja sisi.

Tuliyajifunza wapi hayo? Mengine mtaani, kweli. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya kupitia tamthilia nne za hospitali, ER ikiwemo. Walihesabu matukio 59 ya degedege, na katika 25 kati ya hayo wahudumu walikosea: kumshikilia mgonjwa, kuzuia mwili usitikisike, kumtia kitu mdomoni. Yaani daktari wa kwenye sizoni naye angetusaidia kushika kijiko!

Ulimi haumezwi jamani. Ondoa vitu vigumu karibu yake, weka nguo laini chini ya kichwa, legeza kola, mlaze ubavu mate yatoke. Usimpe maji. Na mate yake hayaambukizi kifafa, kwa hiyo acheni kukimbia. Tazama saa: zikipita dakika 5, au degedege likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali.

Jingine ni moyo. Kwenye tamthilia mstari ukinyooka kwenye skrini, mgonjwa anapigwa shoti, anaamka. Shoti haisaidii moyo uliokwisha nyamaza kabisa. Hapo ni kubonyeza kifua na adrenalini. Utafiti wa 1996 uliochambua ER na vipindi vingine viwili ulikuta wagonjwa 3 kati ya 4 waliobonyezwa kifua wakinusurika papo hapo. Hospitali za kweli hazina bahati hiyo.

Ila nisiwe mchoyo. Mwaka 1995 ER walionyesha mjamzito aliyekuja na dalili za mkojo, Dk. Greene akadhani ni UTI. Kumbe ni kifafa cha mimba. Mtoto akaokolewa, mama akafariki. Hawakumfufua kwa shoti. Ugonjwa huu hauhusiani na kifafa cha rumeti wangu ingawa jina linafanana. Huu unatokana na mimba, na presha hupanda, mara nyingi baada ya wiki 20. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo: dada, nenda siku hiyohiyo, usisubiri UE iishe.

Rumeti wangu kifafa kilimrudia wiki mbili zilizopita. Safari hii tulikuwa na kanga iliyokunjwa na saa ya simu. Dakika mbili na nusu. Alipozinduka akauliza mbona taa inawaka na kesho tuna testi.