Somo: Mwenzetu Akiitwa Mkutanoni, Shamba Linabaki na Nani?

Safari hii tuzungumze juu ya barua. Ile barua inayofika kwa mwenyekiti ikisema kikundi kinaombwa kutoa mkulima mmoja akaeleze kazi yenu mbele ya wataalamu Nairobi, pengine hata nchi za nje. Watu hupiga makofi. Kisha yule aliyechaguliwa anarudi nyumbani jioni, anatazama mahindi yaliyofika magotini, na furaha inapungua.

Sisi watu wa Karungu si wageni wa mambo ya sayansi. Tangu mwaka 1911 Mwingereza Felix Oswald alikuja hapa kwetu kuchimba mifupa ya wanyama wa kale, akaichukua kupeleka jumba la makumbusho London. Zamani wataalamu walikuja kuchukua, basi. Siku hizi wanataka pia kusikia mkulima mwenyewe akisema, na hilo ni jema. Lakini tarehe za mikutano hupangwa kwa kalenda ya vyuo na hoteli, hazipangwi kwa mvua. Mvua yetu ya masika inaanza Machi, na ndiyo tunayoitegemea, maana huku kando ya ziwa mvua haina huruma. Ukikosa palizi ya Aprili umekosa mwaka.

Chukua mfano wa sukuma-vuta, ile kazi iliyotoka kituo cha ICIPE pale Mbita tangu miaka ya 1990. Wengi mnaijua: desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu inafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, nepia inawavuta nje, na mizizi ya desmodiamu inaikomesha kayongo. Sasa, desmodiamu ikishakomaa haina matata, unakata tu unalisha ng'ombe. Shida ni wiki zile za mwanzo. Inaota polepole, ni ndogo, na kwa mkono usioijua ni magugu tu. Mama akisafiri siku kumi wakati huo, akamwachia jembe kijana wa kibarua, anaweza kurudi akute shamba safi kabisa, desmodiamu imeng'olewa yote! Na yeye ametoka kuwaeleza wakubwa faida zake.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, atakayelima apelekwe shambani aonyeshwe kwa kidole: hii iache, hii toa. Maneno ya mlangoni asubuhi ya safari, mfuko begani, hayatoshi.

Hapo tunakuja kwa jambo ambalo vikundi vingi hulikwepa. Mwanachama anapotumwa, nani hulipia palizi yake? Mara nyingi jibu ni "atajijua, si amepewa alawansi?" Sisi tunaona hilo si haki. Aliyetumwa na kikundi, shamba lake kwa siku hizo ni la kikundi. Wazee wetu walikuwa na saga; watu walikusanyika wakamaliza shamba la mtu asubuhi moja. Wanachama kumi na tano wakilima saa tatu, kazi imekwisha kabla jua halijawa kali. Lakini na yeye aseme wazi, mbele ya wote na kabla ya kupanda basi, alawansi ni kiasi gani na sehemu gani itaingia kwenye kikundi. Pesa ikijulikana baadaye kwa uvumi, kikundi kinavunjika. Tumeona vikundi vizuri vikifa kwa bahasha moja.

Na nyumbani je? Baba akisafiri, mara nyingi nyumba inaendelea, maana mama yupo. Mama akisafiri, kazi yake haigawanywi, inamwangukia mtoto wa kike mkubwa: maji, kuni, mdogo mgongoni, na shule anakosa wiki nzima. Tunaomba sana jambo hili lisipite kimya. Baba akae na mkewe wahesabu kazi moja moja, nani atachota maji, nani atapeleka mbuzi. Shemeji na mama mkwe wapo; waombwe kwa heshima na mapema, wasiambiwe tu siku ile. Kama hakuna njia isipokuwa kumtoa msichana shuleni, basi atumwe mwanachama mwingine.

Mwenzetu hayati Profesa Wangari Maathai aliujua mvutano huu. Alikuwa mwanasayansi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari, mwaka 1971. Mwaka 1976 alisafiri hadi Vancouver, Kanada, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya makazi ya watu. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi, kwa sherehe kubwa. Katika ile saba, miwili tu ndiyo iliyopona. Sherehe hainyweshi mti. Baadaye Mwendo wa Ukanda wa Kijani ukawa unawalipa kina mama senti kidogo kwa kila mche uliopona. Ule uliopandwa tu haukulipiwa. Kwa hiyo hata kiongozi akiwa ng'ambo miche ilikuwa na mwenyewe, tena mwenye sababu ya kuamka kuinywesha. Na wanawake wa dunia walipokutana Nairobi Julai 1985, baadhi ya wajumbe walipelekwa kuona vitalu vyenyewe. Mkutano ukafuata shamba. Hilo nasi tunaweza kuliomba: waje Sori waone, wakanyage udongo, wale omena yetu.

Tena msiogope kujibu barua. Andikeni: "Tunashukuru, tuko tayari, lakini Aprili ni palizi, tunaomba Juni, au tutume wawili kwa siku chache." Wakikataa, mmejua. Wakikubali, aliyekwenda atoe ripoti ndani ya wiki moja baada ya kurudi, akiwa amesimama shambani na si kwenye kiti, na safari ijayo aende mwingine. Kikundi chenye msafiri mmoja kila mwaka kina mwenye kujua mmoja tu.

Kwa mazungumzo yenu: Barua ikija kesho kwa ajili ya Aprili, nani kati yenu anaweza kutoka, na kwa nini huyo? Shamba lake litalimwa siku gani, na akina nani? Katika nyumba yake, nani atachota maji? Katibu aandike majina.