Injini ya Bodaboda Inapozidi Joto Njiani

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria mpakani kwetu, kuanzia Kapchorwa hadi Suam, hazina rejeta wala maji ya kupozea. Injini zake hupozwa na vitu viwili: upepo upitao katikati ya mapezi ya silinda, na oili izungukayo ndani. Mwendeshaji asiyelijua hilo huutafuta ugonjwa mahali usipokuwapo.

Mtazame anayepanda mlima na abiria wawili na gunia la mahindi (tumekwisha kulikataza hilo, na tutalikataza tena). Yumo katika gia ya kwanza, mwendo ni wa mtembea kwa miguu. Joto ni jingi, upepo ni haba. Dalili hutangulia: nguvu hupungua ingawa mafuta yameongezwa, injini hugonga kama kokoto ndani ya kopo, harufu ya oili iliyoungua hupanda. Akipuuza, pistoni hutanuka na kukwama ndani ya silinda. Hapo gurudumu la nyuma laweza kufunga ghafla. Avute klachi mara moja, kwani anayeanguka si yeye peke yake.

Dalili zikionekana, zima injini na uisukume pikipiki nje ya barabara. Iache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji, kwa maana chuma chenye moto kikipozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka.

Ikipoa, anza na oili. Ipime pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Ikipungua, ongeza ile iliyotajwa katika kitabu cha pikipiki yako. Jihadhari na oili inayouzwa katika chupa za maji za barabarani; huenda ilikwisha kutumika katika injini nyingine, nayo bei yake ndogo hulipwa baadaye kwa silinda mpya.

Kisha chungulia mapezi. Udongo wa mfinyanzi uliokaukia hapo huifunika injini mithili ya blanketi. Usugue kwa kijiti na brashi. Ondoa pia nailoni uliyoifunga mbele kukinga mvua, maana huzuia upepo. Inua gurudumu la nyuma, ulizungushe kwa mkono: likiwa zito, huenda breki inakamata, na injini inahangaika bure. Mwisho fungua plagi. Ncha nyeupe kama jivu huashiria kuwa petroli inayoingia ni kidogo kuliko hewa. Kabureta chafu au mpira wake uliopasuka ndio washukiwa wa kwanza, na hapo mwone fundi.

Wachache wenye pikipiki za rejeta wasifungue kifuniko chake injini ikiwa na moto. Maji yatafoka na kuunguza uso.

Ukikwama usiku na mgonjwa, mwelekeze akae mbali na lami, vaa koti la kuakisi mwanga, kisha piga 999 au 112 ukitaja kijiji kilicho karibu.