Watu wa Jumamosi na Samaki wa Mweru



Katika darasa la tafsiri tumefika Surat al-A'raf, aya ya 163, kisa cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari. Walikatazwa kuvua Jumamosi, na siku hiyo hiyo ndiyo samaki walikuja juu juu, tele; siku nyingine hawaonekani. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wanaeleza hila yao: walitega kabla, wakaja kuopoa Jumamosi ikishapita. Ukiwauliza, hakuna aliyevua siku ya mwiko.

Kwetu sisi wa Nchelenge kisa hiki hakina ugeni. Kila mwaka, tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazae. Ni miezi ya mvua, mto Luapula umejaa, maji yametanda mpaka kwenye vinamasi vya Mofwe, na samaki wanakuja wenyewe karibu na mtu. Hila nazo zipo: nyavu za usiku, neti ya mbu iliyogeuzwa kokoro, na kutumpula, yaani kuyapiga maji ili samaki wakimbilie wavuni.

Wazee wanamkumbuka mpumbu. Samaki huyu alipanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga, na huko njiani ndiko alikotegewa. Wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, walisafirisha samaki wa Luapula kwenye barafu kulisha miji ya migodi ya Katanga. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi wa mpumbu ulikuwa umeanguka. Leo chakula cha wengi ni chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa kwa taa.

Mwaka 2019 tume ya EAT-Lancet, wanasayansi 37 kutoka nchi 16, iliandika kwamba dunia inaweza kulisha watu bilioni 10 ifikapo 2050 bila kuvuka mipaka ya mazingira, ila kwa kubadili ulaji, uzalishaji na upotevu wa chakula. Mwanafunzi wa Qur'ani atakumbuka mizani ya Surat ar-Rahman. Lakini mipaka hiyo anaibeba nani? Hapo ripoti hainitoshi, narudi kwenye fiqhi.

Fiqhi ina hima, eneo linalofungwa kwa maslahi ya wote. Mtume (s.a.w.) alifunga an-Naqi'. Umar (r.a.) naye alikuwa na hima, na Bukhari amepokea maagizo yake kwa msimamizi wake, Hunayy: aogope dua ya aliyedhulumiwa, awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, awazuie mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Sababu yake ni ya wazi. Matajiri wale mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba. Maskini atakuja na watoto wake wanaolia mlangoni kwa Khalifa.

Sasa tazama Mweru. Ziwa likifungwa, mwenye mtumbwi mmoja hana shamba la maana. Mwenye ghala la chisense kavu anangoja bei ipande Januari, na hakuna askari wa doria anayemgusa. Kwa maoni yangu huyu wa pili yuko karibu zaidi na watu wa Jumamosi, maana kuficha chakula mpaka watu wadhikike ni ihtikari, na Mtume (s.a.w.) ameikataza. Kufunga ziwa ni halali na ni lazima. Ila anayefunga kwa njia ya Umar huanza kwa kuuliza ghalani, na mwenye mtumbwi mmoja humtafutia cha kula kwa miezi hiyo mitatu.